Memori kadi na Arduino kwa SPI: kutengeneza kirekodi joto cha mashine ya kutotolesha vifaranga

Ukitaka kujua joto lilishuka kiasi gani ndani ya mashine ya kutotolesha usiku umeme ulipokatika, lazima kuwe na kitu kilichokuwa macho kikiandika. Arduino Uno (R3), bodi ndogo inayoprogramiwa, peke yake haiwezi kazi hiyo kwa muda mrefu. EEPROM yake, yaani kumbukumbu inayobaki hata umeme ukizimwa, ni baiti 1,024 tu, na mstari mmoja kama huu:

2025-03-14 02:41,37.62

ukijumlisha na alama mbili za mwisho wa mstari ni baiti 24. Ikifika mistari 42, imejaa. Mayai ya kuku hukaa mashineni siku 21, na ukiandika kila dakika utahitaji mistari 30,240. Kwa memori kadi hiyo si kitu, maana yote haifiki hata MB 1.

Kadi za SD zina njia mbili za kuwasiliana. Simu na kamera hutumia njia ya kasi ya SD yenyewe. Kwa vifaa vidogo kuna SPI, mawasiliano ya mfuatano ya nyaya nne, na ndiyo tutakayotumia hapa. Jambo moja la kushika tangu mwanzo: kadi si ghala bubu. Ndani ya kile kipande kidogo cha plastiki kuna kidhibiti chenye programu yake, nacho kinataka umeme safi na utaratibu wake wa kuamshwa. Miradi mingi inayokwama hapa hukwama kwa sababu ya umeme, huku mwenye nayo akihangaika usiku kucha kubadilisha kodi.

Vifaa

Arduino Uno, kadi ya mikro SD, moduli ya kadi au adapta ya SD, kihisi joto DS18B20 na rizista yake ya kΩ 4.7, saa ya DS3231 yenye betri yake ya CR2032, taa ndogo ya LED ya onyo na rizista yake, bredibodi na nyaya za jampa fupi. Kwa wasio na moduli, ongeza rizista tatu za kΩ 1, tatu za kΩ 2, na moja ya kΩ 10. Kapasita mbili, moja ya µF 47 au 100 na nyingine ya nF 100, zinamhusu kila mtu. Mita ya kupimia volti ni lazima.

Hatua ya 1: Chagua kadi

Chukua kadi ya GB 4 hadi 32, yaani aina ya SDHC. Kwa mistari yetu ya kila dakika, GB 8 ingetosha zaidi ya miaka 600, kwa hiyo usimpe muuzaji hela ya GB 128. Tena kadi kubwa kuliko GB 32 ni za SDXC na huja zikiwa zimefomatiwa kwa exFAT, mfumo ambao maktaba ya kawaida ya SD ya Arduino haiusomi. Yenyewe inajua FAT16 na FAT32 tu.

Kadi bandia ni nyingi. Nje imeandikwa GB 32, ndani kuna GB 4, na kidhibiti kimefundishwa kudanganya: unaandika, kinakubali, kisha data inapotea au inaandikwa juu ya nyingine. Kabla ya kuiamini kadi mpya, ijaribu kwa H2testw ukiwa na Windows, au F3 ukiwa na Linux au Mac. Programu hizi huijaza kadi yote kisha huisoma tena na kulinganisha. Zinachukua muda, basi ziache zikifanya kazi ukaendelee na mambo mengine. Hujaza nafasi iliyo wazi tu, kwa hiyo kadi iwe tupu kwanza.

Halafu fomati kadi kwa SD Memory Card Formatter, programu ya bure ya SD Association, chama kinachosimamia viwango vya kadi hizi. Programu ya kufomati ya kompyuta nayo mara nyingi inafaa, lakini hii hupanga mafungu kama kidhibiti cha kadi kinavyotaka.

Hatua ya 2: Zijue pini

Mikro SD ina pini 8, na katika SPI tunatumia 6:

- Pini 2, CS: kuchagua kadi. Uno pini 10.
- Pini 3, DI: data inayoingia kwenye kadi. Uno pini 11, MOSI.
- Pini 4, VDD: umeme, volti 3.3.
- Pini 5, CLK: mapigo ya saa. Uno pini 13, SCK.
- Pini 6, VSS: graundi.
- Pini 7, DO: data inayotoka kwenye kadi. Uno pini 12, MISO.

Pini 1 na 8 hazina kazi katika SPI. Ukitumia Arduino Mega, pini hubadilika: 53 ni CS, 51 MOSI, 50 MISO, 52 SCK.

Kama huna moduli, ile adapta ya plastiki inayokuja na mikro SD inaweza kulehemiwa pini za kichwa, kwa kuwa nafasi kati ya vidole vyake ni milimita 2.5, karibu sawa na matundu ya bredibodi. Ila hesabu yake ni tofauti. Geuza adapta uone vidole vya dhahabu, anza kwenye kona iliyokatwa: kidole cha kwanza kabisa ni namba 9, na kinachofuata ndicho namba 1. Kuanzia hapo, 1 ni CS, 2 ni DI, 3 graundi, 4 umeme, 5 CLK, 6 graundi tena, 7 DO. Lehemu haraka na kadi ikiwa nje, maana plastiki hiyo huyeyuka upesi.

Hatua ya 3: Volti 3.3, si 5

Kadi imeundwa kwa volti 2.7 hadi 3.6. Uno hutoa volti 5 kwenye pini zake zote za ishara. Wapo watakaokuambia wameunganisha moja kwa moja na kadi ikafanya kazi. Huenda ni kweli, lakini kadi hiyo inaumia taratibu, na siku itakayokufa itaondoka na data yako.

Ukiwa na moduli, iangalie kwa makini. Zile zinazopatikana kwa wingi zina chipu mbili: regulata ya AMS1117 inayoshusha volti 5 kuwa 3.3, na 74LVC125A inayoshusha ishara. Moduli ya namna hii ipe volti 5 kwenye VCC. Watu wengi, kwa kusikia kwamba kadi inataka 3.3, huiunganisha kwenye pini ya 3.3 ya Uno. AMS1117 hula yapata volti 1.1 njiani, kwa hiyo kadi inabaki na volti 2.2 hivi na haiamki kabisa. Pima kwa mita kati ya pini 4 na pini 6 za soketi ya kadi: ukiona 3.2 hadi 3.4, umeme umefika.

Kuna moduli nyingine ndogo zisizo na chipu yoyote, soketi na rizista chache tu. Hizo zinahitaji volti 3.3 na ishara zilizokwisha kushushwa. Zinafaa zaidi kwa ESP32 au Raspberry Pi Pico, ambazo zenyewe ni za volti 3.3.

Kwa adapta au moduli isiyo na chipu kwenye Uno, tengeneza kigawanyo cha volti kwa kila moja ya laini tatu zinazotoka Uno kwenda kadi: CS, MOSI na SCK. Rizista ya kΩ 1 inakaa kati ya pini ya Uno na pini ya kadi, na ya kΩ 2 kati ya pini ya kadi na graundi. Hesabu ni 5 × 2 ÷ 3, sawa na volti 3.33. Usishawishike kuweka kΩ 10 na kΩ 20 ili kubana umeme, ingawa uwiano ni uleule. Rizista kubwa zikikutana na uwezo mdogo wa waya na kadi wa kuhifadhi chaji, kingo za mapigo hulegea, na kwa kasi ya MHz 4 inayotumiwa na maktaba kwenye Uno, pigo moja linafika kabla lililotangulia halijapanda vizuri.

MISO haihitaji kigawanyo. Inatoka kwenye kadi ikiwa volti 3.3, na chipu ya Uno ikiendeshwa kwa volti 5 huhesabu kuanzia volti 3.0 kuwa ni 1. Nafasi iliyobaki ni sehemu tatu za kumi za volti, nayo ni finyu. Umeme wa kadi ukiyumba hadi 2.9 wakati wa kuandika, Uno inaanza kusoma upuuzi.

Na umeme utayumba usipoweka kapasita. Kadi ikiwa imetulia hutumia umeme kidogo sana, lakini inapoandika inaweza kuruka ghafla hadi mA 100 au zaidi. Pini ya 3.3 ya Uno, kwa maelezo ya watengenezaji, ni ya mA 50. Weka kapasita ya µF 47 au 100 pamoja na ya nF 100 kati ya VDD na graundi, karibu na kadi kadiri inavyowezekana. Kwa kadi isiyo na moduli yenye regulata, mimi huweka regulata ya 3.3 ya pembeni na kuachana kabisa na pini ya Uno.

Ile kΩ 10 iunganishe MISO na volti 3.3.

Hatua ya 4: Unganisha

Zima umeme kwanza. Nyaya zisizidi sentimita 15. Za sentimita 30 zinazouzwa kwa mafungu ndizo chanzo cha makosa yanayokuja na kuondoka. Graundi ya kadi na ya Uno lazima ziwe moja. DS3231 inakaa kwenye A4 na A5, DS18B20 kwenye pini 2 na rizista yake ya kΩ 4.7 kwenda volti 5.

Hatua ya 5: Jaribu kabla ya kuandika kodi yako

Kwenye Arduino IDE fungua mifano ya maktaba ya SD, chagua CardInfo, badilisha namba ya chipSelect iwe 10, pakia. Kadi ikiitika, utaona aina yake, ukubwa na majina ya faili. Isipoitika, usirukie kodi. Soma hatua inayofuata.

Hatua ya 6: Kadi inavyoamshwa

Maktaba hukufanyia haya yote, lakini ukiyajua utajua pa kutafuta kosa. Kwanza CS na MOSI huwekwa juu, na mapigo ya saa yasiyopungua 74 hutumwa kwa mwendo wa polepole wa kHz 100 hadi 400. Kisha CS inashushwa na amri ya kwanza, CMD0, inatumwa. Kila amri ni baiti sita:

40 00 00 00 00 95

Baiti ya kwanza ni namba ya amri iliyoongezwa 40 ya heksa (hesabu ya msingi wa 16), nne za katikati ni maelezo, ya mwisho ni ya kuhakiki makosa. Kadi isikiapo hii huku CS iko chini, inahamia SPI na kujibu 01, kwamba imeamka lakini bado haijawa tayari. Jibu halija papo hapo. Huenda likachelewa hadi baiti nane, na Uno hulisubiri kwa kutuma FF.

Inafuata CMD8:

48 00 00 01 AA 87

Hapa tunauliza, "Unakubali volti 2.7 hadi 3.6?" Kadi ya kisasa inajibu 01 00 00 01 AA, ikikurudishia AA yako kama ulivyoituma. Kadi za zamani za chini ya GB 4 zinaweza kujibu 05, yaani amri haijulikani. Baada ya hapo CMD55 na ACMD41 hutumwa kwa kupokezana mpaka 01 igeuke 00. Inaweza kuchukua hadi sekunde nzima. Mwisho CMD58 huuliza kama kadi inahesabu anwani kwa baiti au kwa mafungu ya baiti 512. SDHC huhesabu kwa mafungu.

Ukitumia programu inayokuonyesha majibu hayo ghafi, au ukiwa na kichanganuzi cha ishara, picha inasomeka wazi. FF tupu muda wote: MISO inavutwa juu na rizista tu, kadi haisikii, basi angalia CS, SCK au kama MOSI na MISO zimepishana. 00 tupu: kadi haina umeme au MISO imegusa graundi. CMD0 inajibiwa vizuri lakini ACMD41 haiishi kurudisha 01: mara nyingi umeme ni hafifu, maana hapo ndipo kadi inapoanza kuwasha mitambo yake ya ndani.

Hatua ya 7: Kodi ya kurekodi

```
#include <SPI.h>
#include <SD.h>

const int CS_KADI = 10;
const int TAA = 7;
unsigned long mwisho = 0;

void setup() {
  pinMode(TAA, OUTPUT);
  while (!SD.begin(CS_KADI)) {
    digitalWrite(TAA, HIGH);
    delay(2000);
  }
  digitalWrite(TAA, LOW);
}

void loop() {
  if (millis() - mwisho < 60000UL) return;
  mwisho = millis();

  File f = SD.open("JOTO.CSV", FILE_WRITE);
  if (f) {
    f.print(somaSaa());
    f.print(',');
    f.println(somaJoto(), 2);
    f.close();
    digitalWrite(TAA, LOW);
  } else {
    digitalWrite(TAA, HIGH);
  }
}
```

somaSaa na somaJoto ni kazi utakazoziandika kwa maktaba za DS3231 na DS18B20. Jina la faili lisizidi herufi 8, nukta, na herufi 3 za mwisho, ukiandika joto_la_mashine.csv halifunguki. Taa ya onyo nimeiweka pini 7 kwa makusudi, kwa kuwa ile iliyomo kwenye Uno imeunganishwa na pini 13, na pini 13 tayari ni SCK. Kumbuka pia kwamba maktaba hushika baiti 512 za RAM kwa ajili ya fungu moja, na Uno ina baiti 2,048 tu kwa jumla. Maandishi marefu ya Serial.println yafunge kwa F().

Hatua ya 8: Umeme ukikatika

Kwa nini tunafungua na kufunga faili kila dakika? Ukiandika mstari, haufiki kwenye kadi mara moja. Unakaa RAM ya Uno mpaka baiti 512 zijae, yaani kama mistari 21. Hata zikijaa na kupelekwa, ukubwa wa faili kwenye orodha ya FAT haubadilishwi mpaka uite close() au flush(). Umeme ukikatika kabla ya hapo, data inaweza kuwa imo kwenye kadi kabisa, lakini kompyuta ikakuonyesha faili la baiti 0.

Kila close() huongeza kazi ya kuandika, ila kwa mara moja kwa dakika kadi haitahisi. Anayepima mara mia kwa sekunde afanye tofauti: aache faili wazi, aite flush() kila baada ya sekunde kadhaa, na akubali kupoteza kipande hicho. Pia ajue kwamba kwa kanuni za SD, kadi ya SDHC inaruhusiwa kuchukua hadi milisekunde 250 kumaliza kuandika fungu moja, na katika muda huo vipimo vyake vitasubiri.

Kirekodi hiki lazima kiwe na umeme wake mbali na mashine, la sivyo kitazimika wakati uleule unaotaka kuuona. Pawabenki inafaa, lakini ijaribu kwanza: nyingi hujizima zikiona mzigo ni mdogo, na Uno yenye kihisi kimoja na saa ni mzigo mdogo. Acha kila kitu kikiendeshwa na pawabenki usiku mmoja, asubuhi hesabu mistari.

Kadi usiichomoe wakati inaandika. Zima kwanza.

Ukiongeza kifaa kingine kwenye SPI

Skrini, redio au kadi ya mtandao vinaweza kutumia MOSI, MISO na SCK zilezile, kila kimoja na CS yake. Tatizo ni zile moduli zenye 74LVC125A. Nyingi zimefungwa namna ambayo MISO haiachiliwi hata CS ikiwa juu, kwa hiyo moduli inaendelea kuishikilia laini huku skrini ikitaka kuongea. Kila kimoja kinafanya kazi peke yake, vikikaa pamoja vyote vinanyamaza. Dawa ni kutumia moduli ya aina nyingine kuliko kuhangaika kukata njia kwenye bodi. Hata ukihamisha CS ya kadi kwenda pini nyingine, pini 10 ya Uno ibaki ya kutoa. Ikiwa ya kupokea na ikashuka chini, SPI ya Uno huacha kuongoza.

Ukihamia ESP32

Vigawanyo vyote vinaondoka kwa kuwa volti ni zilezile. Pini za kawaida ni 23 MOSI, 19 MISO, 18 SCK na 5 CS, na jina la faili linaanza na mkwaju: "/JOTO.CSV". Ukishabadilisha namba za pini (ya CS na ya taa) na jina la faili, kodi ya hapo juu itapita bila kulalamika, lakini badilisha pia FILE_WRITE iwe FILE_APPEND. Kwenye Uno, FILE_WRITE huongeza mwishoni mwa faili. Kwenye ESP32 hulifuta faili na kuanza upya, na baada ya siku 21 utakuta mstari mmoja.